Mafundisho ya radio: nani anakaa karibu na mutoto?



Mwalimu mumoja wa dini ameniandikia barua fupi. Anauliza hivi: watu wanasema siku hizi mutoto anaweza kufundishwa na mwalimu asiyemuona, kwa radio ao kwa telefoni, kama ni hivyo, mwalimu wa kijiji ana kazi gani tena? Nilifikiri kumujibu kwa mistari mitatu. Lakini swali lake ni kubwa kuliko barua yake, tena linanigusa mimi mwenyewe kwa upande mubaya, sawa mutakavyoona. Basi namujibu hapa mbele ya wote.

Tukumbuke kwanza mambo yalivyokuwa. Tarehe 18 mwezi wa tatu 2020, juu ya ugonjwa wa Korona, Rais wa Jamhuri alitangaza kwamba masomo yote ya inchi yafungwe. Kesho yake yakafungwa, madogo kwa makubwa. Wengi walifikiri ni kwa majuma machache. Wanafunzi wa kalasi za mwisho walirudi tarehe 10 mwezi wa nane. Wengine wakangoja mwaka mupya wa masomo, ulioanza tarehe 12 mwezi wa kumi. Kisha, tarehe 18 mwezi wa kumi na mbili, yakafungwa mara ya pili, hata tarehe 22 mwezi wa pili 2021. Kila mutu ahesabu mwenyewe miezi ambayo mutoto wa kalasi ya tatu aliipoteza. Tena tusisahau kwamba ule ulikuwa mwaka wa kwanza wa primeri bila malipo, mwaka ulioanza mwezi wa kenda 2019. Wazazi wengi maskini walikuwa wametuma watoto wao masomoni kwa mara ya kwanza, na milango ikafungwa mbele ya uso wao.

Hapo ndipo sauti ikasikika. Mwezi wa ine 2020 Radio Okapi ilianza kutangaza mafundisho yaliyoitwa Okapi École, kwa kupatana na Wizara ya Masomo. Radio hiyo munaijua vizuri: ilianza tarehe 25 mwezi wa pili 2002, kwa kazi ya Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, na Bunia inasikika sawa vile inavyosikika Kinshasa. Kulikuwa mafundisho ya primeri na ya sekondari, Kifaransa, hesabu na mengine. Kompani ya telefoni Vodacom nayo ilikuwa na yake, inayoitwa VodaEduc, kwa wenye telefoni za tachi.

Nianze na sifa, maana ni haki. Kazi ile ilifanywa mbio, katikati ya hofu, na ilifanywa na walimu wa kweli wenye kufuata programu ya inchi. Haikuomba feza kwa mutu. Mutoto wa Djugu alisikia fundisho lilelile la mutoto wa Gombe, na jambo hilo katika inchi yetu si dogo. Tena kwa watu wetu wa Ituri ilikuja kwa saa yake kuliko inavyofikiriwa, kwa sababu huku kwetu masomo hayakufungwa na Korona peke yake. Tangu mwisho wa mwaka 2017 vita vilikuwa vimerudi katika Djugu. Masomo yalichomwa, walimu walikimbia, watoto walikaa katika kambi za turubai. Kwa mutoto wa namna hiyo mwalimu wa mbali si jambo la ajabu la kizungu. Mara nyingi ndiye mwalimu pekee anayebaki.

Sasa niseme upungufu. Mafundisho yalikuwa kwa Kifaransa. Sheria ya masomo ya mwaka 2014 inakubali lugha za inchi na lugha za mahali katika kufundisha watoto wa primeri, lakini radio moja inayosema na inchi nzima haiwezi kusema lugha zote, na haiwezi kusema lugha ya mahali pamoja bila kusahau pengine. Silaumu mutu juu ya hilo. Lakini mutazame matokeo Bambu. Mutoto wetu anasema Kilendu nyumbani, ao Kiswahili, maana zahabu imekusanya hapa watu wa makabila mengi. Katika kalasi, mwalimu anatamka neno la Kifaransa, anaona macho ya watoto, anajua kwamba hawakushika, analirudia kwa Kiswahili, anashika kijiti, anaonyesha. Anafanya hivyo mara hamsini kwa siku bila kujua kwamba anafanya. Sauti ya radio haioni macho. Inaendelea. Mutoto asipoelewa neno la tatu, neno la kumi linapita juu ya kichwa chake sawa ndege.

Na Bambu ina shimo lake lenye kungoja. Wageni wanaosoma gazeti hili pengine hawajui muji wetu. Zahabu ya Kilo ilivumbuliwa mwaka 1903. Mwaka 1926 ikaundwa kompani kubwa ya Kilo-Moto, na makao yake yalikuwa hapa, ndiyo maana watu wanasema Bambu-Mines hata leo. Kompani ilizeeka, mashini zikanyamaza, lakini zahabu haikuondoka mulimani. Wanaoichimba sasa ni watu wenye jembe na karai. Mutoto asiye na kalasi asubuhi hakosi kazi Bambu. Anashuka mutoni kuosha muchanga, na jioni anarudi na kitu kidogo mukononi ambacho mama yake anaweza kununua nacho chumvi na sabuni. Hapo radio inashindana na mushindani mwenye nguvu sana. Fundisho linaahidi faida kisha ya miaka kumi. Muto unalipa leo.

Nikiri sasa kosa langu. Wakati ule nilikuwa na radio nzuri, ile yenye kupata moto kwa jua na kwa kuzungusha mukono. Jirani na nyumba yangu kulikuwa watoto wanane wa primeri, wa familia tatu. Mama zao walikuja kuniuliza: "Padri, tuwafanye nini hawa?" Niliwaita watoto, nikaweka radio juu ya kiti chini ya muembe, nikawatafutia fundisho, nikawaambia: "Sikilizeni vizuri." Kisha nikaenda zangu. Nilikuwa na barua za kuandika, na wagonjwa, na mambo mengine ambayo siku zile niliyaona ya maana kuliko watoto wanane wenye radio. Nilifikiri kazi yangu imekwisha: walimu wa Kinshasa wanafundisha, mimi nimeweka kiti.

Siku ya kwanza walikaa wote. Siku ya tatu nilikuta watano. Juma la pili nilirudi mapema siku moja, radio ilikuwa ikisema juu ya kiti chake, na mbele yake kulikuwa mbuzi wa jirani na mutoto mwanamuke mumoja aliyebeba mudogo wake mugongoni. Nikamuuliza: "Wanakufundisha nini leo?" Akajibu kwa adabu: "Padri, Bwana anasema Kifaransa."

Wenzake walikuwa mutoni. Mumoja wao, kijana wa kalasi ya tano, hakujificha. Alinionyesha mwenyewe namna wanavyopima: mizani ndogo ya kushika kwa vidole, upande mumoja punje za zahabu, upande wa pili vijiti vya kibiriti. Alijua bei ya kijiti kimoja, alijua bei ya nusu kijiti, alijua kugawanya kwa watu wane na kutoa kwanza sehemu ya mwenye shimo. Alihesabu haraka kuliko mimi. Nilisikia haya. Mafundisho ya hesabu yalikuwa yakipita hewani kila juma, na huyu alikuwa akigawanya kila jioni, na hakuna aliyemuambia kwamba mambo yale mawili ni jambo moja. Ilikosa mutu mumoja wa kukaa pale na kuyaunganisha. Mutu yule alikuwa mimi, na mimi nilikuwa nimeenda zangu. Masomo yalipofunguliwa mwezi wa kumi, watano kati ya wanane walirudi kalasini. Kijana yule hakurudi.

Nimeeleza habari hii kwa urefu kwa sababu bila hiyo mungefikiri nalaumu radio. Silaumu radio. Nimetafuta kujua pahali ambapo mafundisho ya namna hii yalizaa matunda, na nimeona kwamba pahali pale hawakuanza na mashini. Walianza na mutu wa kukaa karibu nayo.

Mufano wa kwanza ni wa jirani zetu, tena ni wa Kiswahili. Mwaka 1973 Tanzania ilifanya kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12 radio ya Dar es Salaam ilifundisha watu wazima juu ya maji safi, choo, malaria, kuhara na kichocho. Karibu watu milioni 2 walifuata. Sasa mutazame namna. Mbele ya neno la kwanza kutangazwa, walitayarisha viongozi wa vikundi zaidi ya 70,000, kwa ngazi: wakubwa wakafundisha wa mikoa, wa mikoa wakafundisha wa wilaya, hata kufika kijijini. Kila kikundi kilikuwa na kitabu chepesi cha Kiswahili. Walikusanyika siku moja ya juma, wakasikiliza radio pamoja, mumoja akasoma kitabu kwa sauti, kisha wakabishana. Na mwisho wa mabishano walipaswa kukata shauri: juma hili tutafanya nini? Wakachimba vyoo, kwa mamia ya maelfu. Radio haikuchimba hata kimoja. Lakini bila radio wale viongozi, wengi wao wakulima wenye kujua kusoma tu, wangefundisha nini? Walihitajiana. Napenda hasa jambo moja: kiongozi hakuombwa kuwa mwenye elimu kuliko wengine. Aliombwa kuja kila juma, kufungua kitabu, na kuacha watu waseme.

Wenye kuifikiri kampeni ile ya serikali watasema: serikali ina nguvu na feza, sisi hatuna. Basi niwape mufano wa padri, tena wa padri musaidizi wa parokia ya milimani. Mwaka 1947 Padri José Joaquín Salcedo alifika Sutatenza, kijiji cha wakulima katika inchi ya Kolombia. Watu wake wengi hawakujua kusoma. Alianza na mashini ndogo ya kutangazia, na kutoka pale kukazaliwa Radio Sutatenza, ambayo kisha ya miaka ilisikika katika inchi nzima. Walitengenezewa radio zenye kushika sauti ya kituo kimoja tu. (Shauri hilo la kituo kimoja mimi silipendi. Mutu anayesikia sauti moja tu hafundishwi, anachungwa.) Lakini Padri Salcedo aliona jambo ambalo mimi sikuliona chini ya muembe wangu. Katika kila nyumba yenye masomo ya radio aliweka mutu wa kijiji, mara nyingi kijana ao mama aliyejua kusoma kidogo, ambaye waliita musaidizi wa karibu. Sauti ilisema: andikeni herufi hii. Musaidizi aliandika ubaoni, akazunguka, akashika mukono wa muzee uliozoea jembe, akauongoza. Radio ilikuwa kinywa, yeye alikuwa mukono. Na watu waliandika barua kwa radio, barua nyingi sana, zaidi ya milioni moja katika miaka ile yote. Waliandika kwa mukono uleule uliofundishwa. Kazi hiyo haikudumu milele: madeni na magomvi viliiingia, na mwaka 1989 vituo vyake vikauzwa. Lakini miaka 40 ni kitu.

Wakenya wao walifikiri juu ya sauti yenyewe. Katika miaka ya 1982 hata 1985 walijaribu kufundisha Kiingereza kwa radio katika kalasi tatu za kwanza, nusu saa kila siku ya masomo. Sauti iliuliza, kisha ilinyamaza kidogo. Watoto wakajibu wote kwa pamoja. Sauti ikatoa jibu, ikaendelea. Mwalimu alikuwa pale kalasini, hakutoka. Neno dogo tu, lakini mwenye kuhubiri na alifikiri: nani kati yetu anajua kunyamaza kwa wakati?

Pengine musomaji wa Bunia atakasirika na kusema: Padri, unatupeleka hata Kolombia, na sisi tulikuwa na yetu. Ni kweli, na nilikuwa nikiingoja. Katika miaka ya 1970, pamoja na chuo cha ISP cha Bunia, kulianzishwa Candip, ndio Centre d'Animation et de Diffusion Pédagogique, yenye radio yake. Jina lake lasema kazi yake: kueneza mafundisho. Ilisema lugha zetu za hapa, na katika vijiji kulikuwa vilabu vya radio, watu wakijikusanya kusikiliza pamoja na kuzungumza juu ya waliyoyasikia. Wazee wengi wa Ituri wanakumbuka. Tulijua basi kwamba radio ya kufundisha inataka benchi na watu juu yake.

Lakini Candip inatufundisha jambo la pili, lenye uchungu. Katika vita vya 2002 na 2003 radio ile ya walimu iliangukia mikononi mwa wenye bunduki waliotawala Bunia, ikasema maneno yao. Na mwezi wa pili 2003 vijiji vyetu hivi, Lipri, Kobu na Bambu, viliona mambo ambayo hata majaji wa La Haye waliyaandika kwa urefu, sitayarudia hapa. Kabla ya hapo, Rwanda, mwaka 1994, ilikuwa imeonyesha radio inaweza kufanya nini watu wanapoisikiliza na hakuna anayesema: sivyo. Sauti ya mbali haina haya, kwa sababu haioni uso wa yule inayemusema. Kwa hiyo mutu wa kukaa karibu hana kazi ya kueleza Kifaransa tu. Yeye ndiye anayeweza kuinua mukono na kufunga radio, akauliza watoto: haya tuliyoyasikia, ni kweli?

Waseminari wataniambia kwamba Eklezia haikungoja umeme kwa kufundisha mbali. Vema sana, na natumaini waliona mbele yangu. Mutume Paulo alikuwa kifungoni alipowaandikia Wakolosai, watu ambao wengi wao hawakuona uso wake. Na aliagiza barua isomwe vilevile kwa wandugu wa Laodikia. Hayo ni mafundisho ya mbali, hata kupelekwa kutoka kituo mupaka kituo. Lakini barua ile ilienda na Tikiko, na Paulo anawaambia kwamba yeye ndiye atakayewaeleza habari zake na kutia nguvu mioyo yao. Barua haikwenda peke yake. Mwenye kuifikisha alikaa nao, akajibu maulizo. Papa Pius XII, katika barua Miranda Prorsus ya tarehe 8 mwezi wa kenda 1957, aliita sinema, radio na televizio zawadi za Mungu. Nami nakubali kwa moyo wote. Lakini zawadi yenyewe inataka mutu wa kuipokea na kuifungua.

Kuna neno moja ambalo nilijitetea nalo siku zile, na wengine walijitetea nalo pia: sheria ilikataza mikutano. Nimerudia kulisoma. Sheria ya mwezi wa tatu 2020 ilikataza watu zaidi ya 20 kukusanyika. Haikukataza watano na mwalimu wao chini ya muti, kila mumoja mbali kidogo na mwenzake. Katika parokia moja tuna makatekista wangapi? Karibu kila kijiji kina wake. Walijua kusoma, walijulikana na wazazi, walizoea kuuliza na kungoja jibu, maana Katekismu yenyewe ni maulizo na majibu. Walikaa nyumbani miezi ile yote kwa sababu hakuna aliyewaita. Tanzania ililazimika kutayarisha watu 70,000 kutoka kwa bure. Sisi tulikuwa nao tayari, na hatukuwatuma. Jambo hili ndilo kosa kubwa la mwaka ule kwa upande wetu, kubwa kuliko pile zilizokwisha na rezo iliyokatika, ambazo tunapenda sana kuzizungumza.

Niseme machache juu ya telefoni, maana najua vijana waseminari wanangoja nifike hapo. VodaEduc na ndugu zake ni kazi nzuri kwa mwenye telefoni ya tachi, mwenye rezo na mwenye umeme. Katika nyumba nyingi za Bambu telefoni ya tachi ni ya baba, na baba yuko shimoni nayo. Hata masomo yakiwa bure, kutia telefoni umeme si bure. Na nyumba ikiwa na watoto watano na kioo kimoja, mukubwa anashika na wadogo wanatazama mugongo wake. Basi nisiulizwe kama telefoni itashinda radio. Kwa wengi wetu telefoni ndogo yenye radio ndani yake bado ndiyo yenye kufaa.

Lakini telefoni ina fazila moja ambayo radio haikuwa nayo: inaweza kunyamazishwa. Fundisho linawekwa katika karti ndogo, linasikilizwa kwa bafle yenye kushika moto wa jua, saa ambayo watoto wamerudi kutoka mutoni. Linasimamishwa katikati ya neno. Linarudishwa nyuma. Yale ambayo Wakenya walifanya kwa hesabu ya dakika, katekista anaweza kuyafanya kwa kidole. Anasimamisha, anauliza kwa Kilendu, anangoja, anaendelea. Nimeona hilo kwa macho yangu, na tangu siku ile nimeacha kusema vibaya juu ya mashini hizi.

Kwa hiyo, ndugu yangu mwalimu, usiogope kwamba watakunyanganya kazi. Ogopa zaidi kwamba watakuletea mashini na kukuambia, sawa nilivyojiambia, kwamba kazi imekwisha. Usikilize fundisho wewe kwanza, jioni moja mbele, peke yako. Andika maneno matano ambayo watoto wako hawatayajua. Tafuta kitu cha kijiji chako kinachofanana na fundisho: karai, bei ya muhogo, kipimo cha mafuta. Usione haya kama Kifaransa chako ni kidogo. Ukisema mbele ya watoto "neno hili silijui, tutaliuliza," umewafundisha jambo ambalo sauti ya mbali haiwezi kufundisha, maana yenyewe inajua yote. Andika maulizo yao juu ya karatasi na uyapeleke kwa direkta wa masomo yaliyo karibu. Wengine watacheka kwamba katekista anafundisha migawanyo. Wacheke.

Kijana wa vijiti vya kibiriti angali mutoni. Amekuwa mutu mukubwa sasa, ana sauti nzito, na watu wengine wanamufanyia kazi. Jumapili iliyopita, kisha ya Misa, nilimuomba mizani yake kwa siku moja, kwa sababu fundisho la juma hili ni juu ya sehemu za kitu kizima, na nina watoto sita. Alinipa. Lakini alitaka kujua kwanza nitairudisha saa ngapi.